Jukwaa la Wanaotuchukia

Mimi mpira siupendi. Naomba nilitangulize hilo mapema, asije mtu akaniuliza katikati ya hadithi kama mfungaji alikuwa ameotea. Ninachokipenda mimi ni mapato. Nikiona watu wamepanga foleni mbele ya dirisha la tiketi, roho yangu hutulia kama ya mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vinambana. Wakishaingia ndani, wafunge au wafungwe, hilo ni lao. Nimekuwa mhasibu wa klabu ya Siafu kwa miaka mingi sasa, na mechi nilizozitazama mpaka mwisho ni za kuhesabika, maana dirisha langu limeupa uwanja mgongo.

Mji wetu una klabu mbili, Siafu na Nyuki, na ofisi zao zinatazamana, barabara moja katikati. Kila nusu ya msimu inapoisha, kila klabu hupaka ukutani kwake jumla ya mapato yake, kwa tarakimu zinazomzidi mtu mzima kimo. Aliyeanzisha uwendawazimu huu simjui, na nikimjua nitakuwa na la kumwambia. Miji mingine watu hubishania mabao. Hapa kwetu wanaume wenye wajukuu husimama katikati ya barabara, wanasoma ukuta huu, wanageuza shingo, wanasoma ule, kisha wanaanza kutoa na kujumlisha huku magari yakiwapigia honi. Kinyozi wa jirani hufunga duka siku hiyo, kwa sababu hakuna mteja anayeweza kutuliza kichwa.

Nusu tatu za msimu mfululizo sisi ndio tuliochekwa. Mara ya mwisho ukuta wa Nyuki ulisoma milioni sitini, wetu ukasoma thelathini na nane, na fundi rangi aliipaka hiyo nane kwa mkono mwembamba kana kwamba anamfichia mtu aibu. Nyuki walileta ngoma na kuchezea mbele ya mlango wetu. Mwenyekiti wetu, muuza mabati mwenye kifua kipana na subira fupi, alijifungia ofisini akasema ana malaria.

Alipopona aliitisha kamati. Akasema pesa za klabu zinavuja na yeye ameshaona zinapovujia. Timu ya wasichana inakula nauli, inakula jezi, inakula maji ya kunywa, na mechi zake ni za kuingia bure. Akanigeukia akaniuliza timu hiyo imeingiza shilingi ngapi. Nikasema haijaingiza kitu, kwa sababu ndio ukweli, na mhasibu akianza kuonea watu haya kwenye hesabu basi aende akauze maua.

"Sasa sikilizeni," akasema. "Nusu hii ya msimu tukiwapita Nyuki ukutani, wasichana watabaki. Tusipowapita, timu naivunja, na pesa yake nanunua mshambuliaji wa kiume anayejua goli liko wapi."

Kamati ikapiga makofi. Mimi mikono yangu niliikalia. Nahodha wa hiyo timu ni mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye mtaa mzima unamwita Pilipili, na jina hilo hakupewa kwa sababu ya upole.

Nilimkuta nyumbani kwangu jikoni, chali chini ya sinki, miguu tu ndiyo iliyokuwa nje. Pilipili ni fundi bomba. Nikaiambia ile miguu maneno ya mwenyekiti, yote, bila kupunguza. Spana ikaacha kugonga. Akaniomba tepu, nikampa, akafunga alichokuwa anafunga, kisha akatoka huku uso umelowa, na si kwa maji ya bomba.

"Dada," akasema, "Jumatatu mpaka Jumamosi nazibua vyoo vya watu. Nikimaliza hakuna anayenipigia makofi, wananiambia tu nipitie mlango wa nyuma. Jumapili ndiyo siku yangu. Wakiichukua Jumapili, wamenichukua mimi mzima."

Mimi si mtu wa kukumbatia watu. Nilimwambia anawe mikono aje ale. Lakini ndani damu ilikuwa inanichemka, na nilipokuwa namwekea chakula niliapa kimoyomoyo kwamba yule muuza mabati hataivunja ile timu wakati mimi nikiwa hai na nina kikokotoo.

Mtu akitaka kumpita mwenzake kwanza ajue mwenzake anapataje. Kesho yake nikavuka barabara kwenda kwa mhasibu wa Nyuki, ambaye ni binamu yangu, mtoto wa shangazi. Tumekuwa tukishindana tangu utotoni: nani amekula haraka, nani ameota meno ya mbele kwanza, na sasa nani ana tarakimu ndefu ukutani. Alinipokea kwa soda na majivuno. Mapato yao makubwa, akasema, ni ya mlangoni, kisha jezi. Nikamuuliza siri yao ni nini. Akapandisha miwani kwenye kipaji cha uso, kama afanyavyo akitaka kuonekana amesoma kuliko mimi, akasema siri ni kwamba watu wanawapenda.

Jumamosi nikaenda uwanja wa Nyuki kuyatazama hayo mapenzi kwa macho yangu. Siku hiyo Nyuki walicheza na timu ya mji wa mbali. Jua lilikuwa kali, watu wanapepea kwa karatasi, na pembeni yangu kuna mtu amevaa sweta lenye kofia na kofia ameivuta mpaka puani. Nikainama nikamchungulia. Alikuwa katibu wetu.

Nikamuuliza anatafuta nini huku. Akaninong'oneza kwamba amekuja kuwaombea Nyuki wafungwe, na kwamba huja kila wiki. Nikatazama vizuri. Safu ya mbele yake walikuwepo wauza matunda wetu wote. Nyuma yake kulikuwa na kundi zima la waendesha pikipiki wa Siafu, wanaimba wimbo wa timu ngeni ambao maneno yake hawayajui, wanabahatisha tu mwishoni mwa mistari. Karibu theluthi ya uwanja walikuwa watu wetu, na kila mmoja alikuwa amelipa mlangoni pesa taslimu. Wakati wa mapumziko nikapita kwenye duka la jezi la Nyuki, nikamkuta mwendesha pikipiki mmoja wetu ananunua jezi tano. Za nini? Za kufutia pikipiki. Nikamuuliza kwa nini asitumie kitambaa. Akanitazama kwa masikitiko, akasema kitambaa hakina raha.

Niliondoka pale kichwa kinaniuma. Zile milioni sitini ambazo Nyuki walituchezea ngoma, theluthi nzima tulikuwa tumewapa sisi, kwa hiari yetu, kwa kuwachukia. Nikamweleza mwenyekiti. Akapiga meza, akatoa amri siku ileile: ni marufuku mwana Siafu yeyote kukanyaga uwanja wa Nyuki. Jumamosi iliyofuata nikaenda kuhakikisha. Watu wetu walikuwa walewale, ila wamezidisha makofia na ndevu za bandia. Na jukwaa kuu, safu ya pili, mwenyekiti wetu mwenyewe alikuwa amejikunyata na miwani ya jua ya mkewe usoni, ile yenye maua pembeni. Tulitazamana. Akanisalimia kwa kichwa, nami nikamwitikia, tukayamaliza hayo bila neno.

Basi hapo nikaelewa kwamba chuki huwezi kuikataza. Swali likabaki moja: kama watu wetu wanaenda kwao kuwachukia, mbona wao hawaji kwetu?

Jibu nilikwenda kulitafuta kwa mama. Mama ni fundi cherehani, na ni Nyuki tangu kabla hajaolewa. Marehemu baba alikuwa Siafu, na waliishi vizuri kwa kutoongea Jumamosi. Bendera zote za njano na nyeusi unazoziona mjini zimepita kwenye cherehani yake. Tangu Pilipili ajiunge na Siafu, mama aliapa hatakanyaga uwanja wetu hata akibebwa. Nilimkuta anashona kola, pini mdomoni, nikamuuliza kwa nini yeye na wenzake hawaji kutuzomea kama zamani.

Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Mwanangu, tuje kuwazomea kwa lipi? Mnafungwa hata tusipokuja. Siku hizi kuwacheka nyinyi ni kama kwenda hospitali kumcheka mgonjwa. Juzi mlipofungwa sita, mwenzangu mmoja alisema tuwachangie."

"Mtuchangie?"

"Nilimkataza. Nikamwambia wana majivuno yao, waache."

Nimewahi kutukanwa kwa sababu ya tiketi, nimewahi kurushiwa ganda la chungwa, yote nikayameza. Lakini kuhurumiwa na Nyuki kulinichoma mpaka kwenye mifupa. Nikatembea kurudi kwangu nikiongea peke yangu barabarani, na kabla sijafika nikawa nimeshapata hesabu yangu. Sisi hatukukosa wapenzi. Tulikosa maadui. Mtu hulipa kiingilio kumwona anayemchukia akianguka, na aliyekwisha kulala chini hana kiingilio.

Sasa nani katika klabu yetu alikuwa bado amesimama? Timu ya wanaume tuiache. Lakini wasichana walikuwa hawajafungwa tangu msimu uanze, ila hakuna aliyejua, kwa sababu waliokuja kuwatazama walikuwa mama zao na mbwa wa mlinzi. Na nahodha wao ana ulimi ambao mwenyekiti aliufunga miaka miwili kwa amri: akihojiwa, aseme mchezo ulikuwa mgumu na anawashukuru wapinzani.

Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia nataka kuweka tiketi kwenye mechi za wasichana. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema niweke, na akipatikana mtu wa kulipa nimwite aje ampige picha. Kisha nikamwendea Pilipili. Nikamwambia Jumapili wanacheza na wasichana wa Nyuki, ashinde, halafu redio wakimpa kipaza sauti aseme chochote kilichomkaa moyoni.

"Chochote?" akauliza.

Nikasema matusi ya nguoni hapana, mengine yote ruksa. Akaniangalia kama mtu aliyefunguliwa pingu.

Walishinda nne bila, tatu za kwake. Mtangazaji wa redio ya mji alikuja kwa sababu hakuwa na kazi nyingine mchana ule, akamuuliza anawaambia nini wapinzani. Pilipili akashika kiuno.

"Nyuki niliowakuta leo hawana asali wala mwiba," akasema. "Mimi ni fundi bomba. Nimeshazibua mabomba yaliyonisumbua kuliko mabeki wao. Jumapili tunacheza tena hapahapa. Anayetaka kuniona nikishindwa aje, na aje na chakula, maana atasubiri sana."

Kufikia jioni mji mzima ulikuwa umesikia. Redio waliyarudia maneno yale kila baada ya wimbo. Muuza magazeti ambaye ni Nyuki alinigeuzia mgongo nilipompa hela. Mama alinipigia simu kuniuliza kama hivyo ndivyo alivyotulea, na kabla sijajibu akakata. Mimi nikaenda kulala nikiwa nimefurahi kama bibi harusi.

Jumapili iliyofuata nilifungua dirisha na kuona njano na nyeusi mpaka kwenye kona ya barabara. Walikuja na filimbi, masufuria na mabango. Wakanilipa huku wanatukana, na mimi nikawapa chenji huku nachekelea, nikawatakia mchezo mwema. Wasichana wetu wakashinda mbili bila. Pilipili alipofunga la pili alikimbia mpaka mbele yao, akajifanya anafunga bomba kwa spana, akajifuta mikono, akaondoka. Walitoka uwanjani wakiwa wamevimba kwa hasira, na wote walikuwa wanaulizana kuhusu Jumapili inayofuata.

Hapo ndipo nilipomwita fundi rangi. Upande wa kivuli wa uwanja wetu ulikuwa hauna kazi, wamekaa popo tu. Nikaufagia, nikauwekea mabenchi, na juu yake nikaandikisha kwa herufi kubwa: JUKWAA LA WANAOTUCHUKIA. KUNA KIVULI. BEI MARA MBILI. Mwenyekiti aliogopa kwamba watakasirika. Walikasirika, ndiyo, na walijaza jukwaa hilo kabla ya mengine yote. Walipiga picha chini ya maandishi wakiwa wamenuna. Kukaa upande wa jua kukawa ni aibu kwao, kana kwamba mtu hachukii vya kutosha.

Wiki zikapita hivyo, wasichana wanashinda, kivuli kinajaa. Mwendesha pikipiki wetu alikuja kuniambia siku hizi Jumamosi hana muda wa kwenda kwa Nyuki, anajiandaa kwa Jumapili. Binamu akanipigia simu, sauti imepungua majivuno.

"Binamu, mnakula pesa zetu," akasema.

Nikamkumbusha kwamba yeye amekula zetu kwa muda mrefu na hakuniachia hata mfupa. Akacheka, kwa sababu hata akiwa Nyuki ni mtoto wa shangazi. Kama kawaida yetu akanipa hesabu yake na mimi nikampa yangu. Mlango wao ulikuwa umeshuka, na wetu ulikuwa unapanda kwa kasi ambayo hata mimi niliirudia kwenye kikokotoo mara mbili. Lakini bado walikuwa mbele. Wao walikuwa wamemaliza mechi zao za nyumbani, kwetu zilikuwa zimebaki mbili. Nikapiga hesabu: mbili hizo zikijaa, kivuli na jua, tunawapita. Moja tu ikikosa watu, mdogo wangu anabaki na mabomba yake.

Na hapo muuza mabati akataka kuniharibia. Mwenyekiti wa Nyuki alikuwa anajenga maghala, na mabati yote alikuwa ananunua kwa mwenyekiti wetu. Akamwambia kwamba yule binti asipoomba radhi, mabati atanunua kwingine. Mwenyekiti akanijia na jasho jembamba: Pilipili lazima aombe radhi kwenye kipaza sauti, kabla ya mechi, mbele ya watu wote. Nikamwambia akiomba radhi watu watamsamehe, wakimsamehe hawatakuja. Hakunielewa, au alielewa na mabati yakamzidi nguvu. Akasema ni amri.

Pilipili nilimwambia asubuhi ya mechi ile, ya kwanza kati ya mbili zilizobaki. Hakubisha, na kutobisha kwake kukanitia wasiwasi. Uwanja ulikuwa umejaa pomoni. Akaenda katikati, akashika kipaza sauti, kimya kikatanda mpaka nikamsikia vizuri huku dirishani.

"Mwenyekiti amenituma niombe radhi, na mimi ni mtu wa adabu," akasema. "Nilisema Nyuki hawana asali. Nimekosea. Asali wanayo, na kila Jumapili wanatuletea wenyewe mpaka mlangoni."

Kelele iliyofuata ilitikisa kabati langu la chenji. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, peke yangu na tiketi zangu. Waliniambia mwenyekiti alishika kichwa kwa mikono yote miwili, na kwamba mwenyekiti wa Nyuki, aliyekuwa kivulini, aligeuza uso na mabega yakawa yanamtikisika. Mabati hakuacha kununua.

Lakini kabla ya kelele hiyo lilitokea jingine. Katikati ya foleni nilimwona mwanamke amejifunga kitambaa cha njano kichwani, mkoba kaubana kwapani, anaangalia mbele kama mtu aliyeitwa na daktari. Alikuwa mama. Alipofika dirishani nilimwambia apite tu.

"Ukinipitisha bure nitakuwa mgeni wako," akasema. "Mimi nimekuja kumzomea. Nipe ya kivuli." Akalipa bei mara mbili, akahesabu chenji mbele yangu, akaingia.

Mechi ilikuwa ngumu, hilo nililijua kwa kelele tu. Siku zote nikiwa dirishani naisikiliza mechi kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Wageni walitangulia kufunga, nikasikia kivuli kikilipuka. Kisha muda mrefu wa filimbi na masufuria. Karibu na mwisho kukawa na ukimya, mlinzi akaniambia ni penalti yetu, Pilipili anapiga. Nikashika ukingo wa dirisha. Ikaja kelele kubwa kuliko zote nilizowahi kusikia uwanjani mle, nikaruka juu nikapiga makofi, na nikiwa bado hewani nikatambua kelele imetokea upande gani. Ilikuwa imetoka kivulini. Upande wa jua ulikuwa kimya kabisa.

Amekosa. Wamefungwa, kwa mara ya kwanza.

Nikakaa kwenye kiti changu. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Sikulilia mpira. Nilikuwa nalilia hesabu, na ndani ya hesabu alikuwemo mdogo wangu. Nyuki walikuwa wamelipa wiki zote hizo kumwona Pilipili akianguka, na sasa wamemwona. Mtu akishashiba anaondoka mezani. Jumapili ijayo nani atakuja? Nikaanza kuzifunga pesa kwa raba ili mikono iwe na kazi.

Mtu akagonga dirisha. Alikuwa mwanamume mnene aliyejipaka njano na nyeusi mpaka masikioni, jasho limechanganya rangi. Akaniuliza kama Jumapili ijayo yule fundi bomba atacheza. Nikasema atacheza.

"Nipe mbili za kivuli," akasema. "Mke wangu leo hakuja, na nikimsimulia haamini. Nataka aone mwenyewe."

Nyuma yake alikuwa amesimama mwingine, na nyuma ya huyo wengine, na mstari ulikuwa unaendelea kukua wakati natazama. Walikuwa wanacheka, wanakumbatiana, wanaigiza jinsi mpira ulivyopaa juu ya goli, na kila mmoja alitaka tiketi. Nilikuwa nimekosea hesabu yangu kwa namna tamu kabisa. Hawa hawakuwa wameshiba. Walikuwa ndio kwanza wameonja.

Niliuza mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino. Watu wetu wa upande wa jua nao wakaja, wakasema hawawezi kuwaacha wale wacheke peke yao, lazima Jumapili Pilipili awajibu. Nikauza za jua. Nikauza za kivuli hadi nikachana ile ya mwisho kabisa, na nilipoichana nikasimama, nikaingiza tarakimu kwenye kikokotoo, nikazisoma kwa sauti. Tulikuwa tumewapita. Haikuwa kwa mbali, lakini ukutani haisomwi mbali wala karibu, inasomwa nani ni mrefu. Jumapili bado ilikuwa haijafika na timu ya wasichana ilikuwa imeshabaki. Nikambusu mlinzi kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo hunipitia mbali.

Nilipogeuka, mama alikuwa dirishani. Kitambaa cha njano kilikuwa kimelegea, na macho yalikuwa mekundu kuliko yangu.

"Nipe ya Jumapili," akasema.

Nikamuuliza kama alifurahi. Akasema alifurahi sana, alicheza mpaka kiatu kikatoka. Kisha akatazama pembeni.

"Alipokaa chini pale kwenye majani, nyuma yangu mtu mmoja akapiga kelele kwamba arudi kwenye vyoo vyake. Watu wakacheka. Wanamzomea kama vile hana kwao." Akafungua mkoba, akafunga, akafungua tena. "Mtoto wangu anazomewa na watu wasiomjua, wala hawajui anakosea wapi. Anainua kichwa mapema anapopiga, tangu mdogo, baba yake alikuwa akimwambia. Mtoto wangu nitamzomea mwenyewe."

Nikamwambia kivuli kimekwisha, hakuna hata nafasi ya kusimama. Kilichobaki ni upande wa jua, katikati ya Siafu.

Akafikiri kidogo, akakaza kitambaa chake cha njano, akasukuma pesa dirishani.

"Nipe hiyo hiyo," akasema. "Tena huko ndiko atanisikia vizuri."